Mahame Yenye Watu

Ninayo karatasi moja ya ramani, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo yake imetoboka, na ndani yake kuna neno moja lililoninyima raha maisha yangu yote. Neno lenyewe ni "mahame". Limeandikwa kwa herufi ndogo zilizolala, kusini kidogo ya njia iendayo Msimbu, pale mistari ya kahawia ya vilima inaposogeleana kuonyesha ukingo wa bonde. Kila mtu wa kwetu Kisarawe anajua mahame ni nini. Ni pale watu walipokaa zamani, wakahama, wakaacha minazi, vigae vya vyungu na makaburi. Ukiisoma ramani hiyo utasadiki. Mimi sisadiki kwa sababu nilikuwapo siku neno lile lilipoandikwa, na watu walikuwapo.

Ramani ya zamani ni kitu cha ajabu kwa mtu anayejua kuisoma. Vinukta vyembamba vinakuonyesha njia za miguu ambazo leo zimekwisha kuwa vichaka. Duara dogo la buluu ni kisima, na ukiona njia tatu zinakutana kwenye kisima ujue palikuwa na wanawake wengi na maneno mengi. Mikorosho iliyopangwa mstari haikuota yenyewe, kuna mtu aliipanda na mtu huyo alikuwa na nyumba. Naweza kukaa na karatasi hiyo asubuhi nzima nikatembea nchi yote, kutoka vilima vya Pugu mpaka mto Ruvu, bila kuinuka kwenye mkeka. Nikifika ukingo wa bonde lile tu, roho inanikaa vibaya, naikunja.

Kazi ya ramani niliipata miaka michache baada ya vita vya pili. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imepiga nchi picha kwa ndege, lakini picha ya ndege haisemi. Inakuonyesha mto, haikuambii unaitwaje. Ndipo walipotaka vijana waliosoma kidogo wafuatane na mpima ardhi, waulize majina ya mahali na kuyaandika daftarini. Nikachukuliwa. Nikapewa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka inakata, kofia, penseli mbili na daftari lenye jalada gumu. Basi tena, nilijiona mimi ndiye mimi. Nikipita kijijini kwetu nilikuwa nikitembea katikati ya njia, wenye mizigo wanipishe.

Mpima ardhi wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzungu mwembamba, shingo imeungua jua, mwenye haraka siku zote kama mtu aliyeacha chungu motoni. Sharti lake lilikuwa moja: jina la mahali lazima litoke kinywani mwa mtu wa mahali penyewe, si kichwani mwangu wala kwa mpita njia. Nilitembea na mwenzangu mmoja, mtu wa Rufiji, mshika mnyororo wa kupimia, mcheshi kupita kiasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha wazee mpaka wakataja majina ya mito ambayo watoto wao wenyewe hawakuyajua.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mambo mengine hayatafahamika. Kwetu jina la mkwe halitajwi. Baba wa mke wako humtaji, mama wa mke wako ndiyo kabisa, hata kumtazama usoni ni shughuli. Ukikutana na mtu mwenye jina kama la mkwe wako unamtafutia jina jingine. Mimi pale kwetu nilikuwa na jirani muuza samaki wa kukaanga, jina lake kama la mkwe wangu, nikawa namwita "wajina wa mzee" miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeona ajabu. Na vitongoji vyetu navyo vinaitwa kwa jina la mwenye mji. Akifa, kitongoji kinachukua jina la anayemfuata. Kitongoji cha mke wangu, niliyekuwa nimemwoa mwaka ule ule, kilikuwa kinaitwa kwa jina la baba yake.

Tulifika huko wakati wa ndege wa mpunga. Wenye kulima mpunga wa bondeni wanajua kipindi hicho. Mpunga ukianza kutia maziwa watu wote wanashuka, wakubwa kwa watoto, wanakaa kwenye vidungu vyao, vichanja vya miti vilivyoinuliwa, kutwa nzima wakiwinga ndege kwa kelele na madebe. Kitongojini juu hapabaki mtu. Milango imezibwa kwa miti miwili iliyopishana, majivu yamepoa, na kwa kuwa masika imetoka kupita nyasi zimejaa uani mpaka magotini. Mwenzangu wa Rufiji siku hiyo alikuwa amelala kambini na homa. Tulikuwa wawili tu, mimi na mpima ardhi.

Akasimama katikati ya nyumba za wakwe zangu, pale ukingoni juu ya bonde, akiwa na picha yake ya ndege mkononi. Kwenye picha mapaa ya makuti hayakuonekana, yalikuwa yamefunikwa na minazi na mikorosho, kivuli juu ya kivuli. Akatazama milango iliyozibwa. Akatazama nyasi. Akaniuliza hapa panaitwaje.

Nikasema sina jina lake. Akasikia madebe yanalia bondeni, akauliza wale ni watu wa wapi, nikasema ni watu wa huko huko bondeni. Kila jibu lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Mwisho akauliza, kwa Kiswahili chake kile, "Mahame?" Neno hilo tulikuwa tumemfundisha sisi wenyewe, wiki hiyo hiyo, kwenye mahame matatu ya kweli. Nikanyamaza. Akaniangalia kidogo, akatoa penseli, akaandika nyuma ya picha yake, akaitoboa tundu dogo kwa sindano pale tulipokuwa tumesimama.

Nilijiambia mwenzangu akipona tutarudi, yeye atauliza, tutasahihisha. Kesho yake lori likatuchukua kwenda upande wa Kibaha, kukawa na vilima vingine na majina mengine. Nikasahau. Wallahi nilisahau, na hilo nalo ni aibu yake peke yake.

Ilipita kama miaka mitatu. Kazi ya ramani ilikuwa imekwisha, kaptula imechakaa, mimi nimerudi kulima muhogo na kuuza duka dogo la chumvi na mafuta ya taa. Asubuhi moja mkwe wangu akaja nyumbani kwangu. Mkwe haji hivi hivi nyumbani kwa aliyemwolea binti, kwa hiyo nilipomwona tu anakunja kanzu yake kuketi kwenye mkeka nikajua kuna zito. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba. Kisha akaeleza. Wamekuja watu wa misitu, wamepanda mawe meupe juu ya kitongoji, jiwe moja hatua kumi tu kutoka makaburi ya wazee wake. Wanasema kuanzia pale mpaka bondeni ni ardhi tupu na sasa itakuwa msitu wa serikali. Amewaambia hapa tunakaa, wamemjibu ramani inasema hamkai. Kutakuwa na baraza mwezi ujao, asiye na ushahidi atoke.

"Wewe ndiye mtu wetu wa ramani," akaniambia. "Nenda kaitazame, kisha uje uwaonyeshe kwamba tumo."

Nikamwambia nitakwenda.

Nikapanda lori la makaa mpaka Dar es Salaam, nikaenda kwenye ofisi walimokuwa wakichora, ambamo kulikuwa na mchoraji mmoja tuliyejuana tangu kambini. Akanitolea karatasi mpya, bado inanuka wino. Nikaifuata njia ya Msimbu kwa kidole, nikashuka kusini, nikafika ukingo wa bonde. Neno lilikuwa pale. Nikakaa kwenye kiti cha mtu bila kuombwa. Yule mchoraji akadhani nina njaa, akaniagizia chai.

Nikamwomba anionyeshe ramani za kabla yake, kama zipo. Akafungua droo ya chini kabisa, akatoa karatasi ya wakati wa Mjerumani, kubwa, ya manjano, vilima vimechorwa kwa vistari kama nywele. Nikatafuta bonde lile lile. Loo! Pale pale penye neno langu palikuwa na vijumba vinne vyeusi na jina la mtu. Lilikuwa jina la babu yake mkwe wangu, mwenye mji wa wakati ule. Nilitaka kulia kwa furaha. Mchoraji akanikopesha karatasi nyembamba ya kunakilia, nikanakili mto, njia, vijumba vyote vinne na lile jina, herufi kwa herufi, kwa midomo iliyofungwa.

Niliporudi sikumwambia mkwe wangu neno lililomo kwenye ramani mpya. Nilimwambia tu kwamba kwenye ya Mjerumani wamo. Alishukuru Mungu, akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Habari zikatangulia bondeni kabla yangu, kwamba mkwe wao amekwenda mjini amewakuta wazee wao ndani ya karatasi. Watu wakalala usingizi mwezi ule. Mimi sikulala, lakini nilijipa moyo.

Baraza likafanyika uwanjani kwa jumbe, mkubwa wa eneo letu. Wanaume tulikaa mbele kwenye magogo, wanawake nyuma karibu na ua. Bwana wa misitu, mzungu mwingine, alikuja na karani wake na meza ya kukunja, akatandaza ramani yake, akaweka kijiwe kila pembe. Jumbe akasema watu hawa wapo, anawajua, wanalipa kodi ya kichwa. Bwana wa misitu akasema amekwisha kuona sehemu nyingine watu wakijenga vibanda wakisikia tu mpaka unakuja. Anataka kitu kilichoandikwa kabla. Hapo mkwe wangu akageuka akanitazama, na watu wote wakageuka wakanitazama.

Nikapeleka nakala yangu. Sikutaja jina, nililionyesha kwa kidole. Akaiweka juu ya ramani yake, akaisogeza mpaka mto ukakaa juu ya mto na njia juu ya njia. Vijumba vinne vikakaa juu ya neno langu sawasawa. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, na kwa nukta moja nikafikiri tumepona. Kisha akasema, na karani akatafsiri kwa sauti, kwamba anashukuru sana kwa karatasi hii. Inaonyesha kweli palikuwa na watu wakati wa Mjerumani, wa mtu mwenye jina hili. Ramani mpya inaonyesha walihama. Akauliza kama kitongoji cha watu waliopo kina jina hilo. Jumbe akasema hapana, kina jina jingine. Bwana wa misitu akasema basi, karatasi mbili zinakubaliana.

Hivyo ndivyo nilivyowazika mara ya pili, na mara hii kwa mkono wangu mwenyewe, kwa penseli iliyochongwa vizuri.

Nikasimama. Hakuna aliyenilazimisha, lakini ningeketi ningekufa pale pale. Nikasema neno hilo limetokana na mimi. Nikaeleza mambo yote, milango iliyozibwa, nyasi, mwenzangu aliyekuwa mgonjwa, na kwamba kitongoji kina jina la mkwe wangu na mimi nilishindwa kulitaja. Nikasema hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Karani aliyekuwa akitafsiri alikuwa mtu wa bara, akababaika, akasema kitu kifupi sana kuliko nilivyosema mimi, na bwana wa misitu akacheka kidogo, si kwa ubaya, kama mtu aliyesimuliwa kisa cha mtoto.

Kilichonimaliza si kicheko chake. Kilichonimaliza ni watu wangu. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Badala yake wazee wote pale mbele wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, kwamba ndiyo, angefanyaje, mkwe hatajwi. Na mkwe wangu, ambaye mji ulikuwa ukimponyoka mbele ya macho yake, akasema mbele ya wote, "Kijana alishika adabu. Msimlaumu."

Bwana wa misitu akasema kama ni hivyo jina litajwe sasa, karani aliandike, atalipeleka kwa wakubwa. Mkwe wangu akachukua bakora yake, akainuka, akajizoa na kanzu yake akaenda nyuma ya nyumba ya jumbe, mbali, asisikie, ili mimi nisivunje adabu. Alipokwisha kupotea nikalitaja. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine. Karani akaandika kwa penseli pembeni mwa ramani.

Halikufaa kitu. Majibu yalikuja baada ya mavuno kwamba mpaka umekwisha kutiwa sahihi na haurudishwi nyuma kwa jina lililoandikwa pembeni. Wakapewa muda wa kung'oa milango na boriti zao. Wengine wakaenda kwa ndugu Msimbu. Mkwe wangu na nyumba saba wakapelekwa upande wa Mlandizi, kwenye uwanda mkavu ambako hakuna bonde la mpunga wala mnazi hata mmoja. Mama mkwe alikuwa akiuliza wageni kama mvua imenyesha kule kwao, kana kwamba bado ana kitu kule cha kunyeshewa. Mkwe wangu alidumu masika mbili. Hakunilaumu hata siku moja. Kila nilipokwenda kumwamkia alikuwa akiwaambia wageni, huyu mnayemwona, huyu ana adabu, huyu alikataa kunitaja hata mbele ya mzungu. Nami nilikuwa nainamisha kichwa. Nililia nilipomzika, nililia kuliko wanawe, na watu wakanisifu kwa hilo pia.

Siku ya arobaini yake, asubuhi, mke wangu alikuwa amekaa kizingitini akichagua mchele. Ulikuwa mchele wa kununua, una mawe mengi. Watu wengine walikuwa kisimani. Tangu baraza lile hakuwahi kuniambia neno juu ya jambo hili, nami nilikuwa nikishukuru kwa ukimya wake. Akaanza bila kuinua macho.

"Ulisema barazani hapakuwa na mtu wa kumuuliza."

Nikamwambia wote walikuwa bondeni.

"Na mimi nilikuwa bondeni. Nilikuona umesimama ukingoni na mzungu wako na kaptula yako. Nikajua kwa kaptula ile, magoti nje, huwezi kushuka mbele ya mama. Nikaacha kupiga debe nikusikie ukiita. Mimi si mkwe wa baba, mimi binti yake. Jina lake ndilo wanaloniita nalo watu wote, binti fulani, isipokuwa wewe. Ungeniita tu, ningepanda nikamwambia huyo mzungu."

Nikamwambia sikumwona.

Akakubali. Akatikisa ungo, akaendelea kuchagua mawe yake, na hakulirudia tena jambo hilo mpaka alipokufa. Lakini nilimwona. Nilimwona vizuri sana, kwenye kidungu cha pili, matope mpaka mapajani, kanga kuukuu kifuani, debe lililotoboka mkononi, ameacha kulipiga ananitazama. Adabu haikunikataza kumwita. Kwetu kumwita mke si mwiko. Nilimwonea aibu mke wangu mbele ya mzungu, mimi na kaptula yangu iliyopigwa pasi, nikageuza uso nikatazama minazi.